Feni Niliyoibadilisha kwa Mapazia

Siku ya makabidhiano, nikistaafu, nilihesabu koleo za kung'olea meno mara mbili, vioo vya kuangalizia mara mbili, na funguo mara tatu, kwa sababu funguo zina tabia ya kuzaa zikiachwa peke yake. Aliyepokea ni Sabina, fundi wetu wa meno ya bandia, ambaye kuanzia sasa atashika na stoo pia. Kliniki yetu haijawahi kumwachia mtu kazi moja.

Tulibishana kwenye mstari mmoja tu, ukurasa wa tatu: feni ya kutoa hewa, chumba cha maabara, moja.

"Hali yake niandike nini, mama?" akaniuliza. "Nzima au mbovu?"

"Ukiiwasha inazunguka?"

"Inazunguka."

"Inatoa hewa?"

Sabina akainua macho juu ya meza ya kusagia, pale boksi la glavu lilipobandikwa kwa plasta ya kidonda mbele ya feni. Akarudi kwenye karatasi. "Hapa hakuna sehemu ya kuandika hivyo."

Nikachukua kalamu nikaandika "nzima". Ukumbini keki ilikuwa inasubiri, na daktari alikuwa ameshaangalia saa mara mbili. Nami nilizihesabu.

Siku ile, wenzangu wa kliniki, mliniambia niseme machache, nikasema nitaandika. Mlidhani nimekwepa. Haya, ndiyo haya. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitawaambia habari za vumbi.

*

Nilianza kazi nikiwa binti wa muuza masufuria wa hapa Mwanza. Baba yangu alinifundisha mambo mawili: usikubali bei ya kwanza, na usimwamini mtu anayehesabu akiwa amefumba mdomo. Nilipoajiriwa kliniki pale Nyakato, kando ya barabara, kulikuwa na kiti kimoja cha wagonjwa, daktari mmoja, na chumba cha nyuma ambacho kilikuwa kinanguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Nikatumwa humo siku ya kwanza kabla sijaonyeshwa hata choo.

Ndani alikuwamo mtu mweupe.

Alikuwa Msukuma mweusi kama mimi na nyinyi, ila unga mweupe wa plasta ya kutengenezea chapa ulikuwa umemkaa kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye matundu ya pua. Huyo ndiye Kulwa, fundi wa meno ya bandia. Alikuwa amenizidi miaka michache tu, lakini nyusi zile zilinifanya nimwamkie.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia bila haya. Kisha akaenda kwenye sinki akanawa uso, akageuka kijana. "Haya, sasa niamkie tena tuone."

Kila siku mpaka saa saba mchana alikuwa mzee. Akinawa anarudi ujana. Tulicheka kwa jambo hilo miaka na miaka. Wagonjwa wakimwona anapita kwenye korido walimwuliza unga leo umefika kiasi gani.

Kulwa ndiye aliyenifundisha kazi. Kuchanganya plasta: "Iwe kama uji wa mgonjwa, siyo ugali wa mkulima." Kuchukua chapa ya mdomo wa mtu: "Ya kwanza anakuvumilia, ya pili anakuchukia, kwa hiyo ipatie ya kwanza." Kuyeyusha nta bila kuiunguza. Kupanga meno kwenye ufizi wa bandia wa rangi ya waridi, ukianza na yale ya mbele ambayo mtu atachekea. Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wote niliowaona baadaye, akiwemo Sabina, wameirithi. Akishasaga kipande, alikileta karibu na uso, akakipuliza kwa mdomo, fuu, vumbi likaruka, naye akakitazama kwenye taa. Akalamba mdomo wa juu.

"Vumbi likiwa na chenga kwenye ulimi, kazi bado," alisema. "Likiwa laini kama unga wa muhogo, imeiva."

Alionja kazi yake kama mpishi. Nilidhani huo ndio ufundi. Ulikuwa ndio ufundi kweli, kwa kuwa hakuna meno yaliyotoka mikononi mwake yakamchubua mtu.

Alikuwa pacha. Ndugu yake Doto alibaki Kisesa na ng'ombe wa baba yao. Walifanana hata kovu la kwenye kidevu, kila mmoja alilipata kwa namna yake. Doto akija mjini kuleta maziwa, daktari alimwuliza kwa nini hayupo kazini.

*

Nikapewa stoo. Hapo ndipo makosa yangu yanapoanza, na ninawaomba mnisome polepole, kwa sababu wakati ule yote yalionekana ni akili.

Maabara ilikuwa na sanduku la kioo la kusafishia vyuma. Unaingiza mikono kwenye matundu mawili, unakanyaga pedali, na kompresa inapiga mchanga kwa nguvu kwenye chuma cha meno mpaka king'ae. Mchanga wenyewe ulikuwa wa kiwandani, wa rangi ya kahawia, unakuja kwenye ndoo kutoka mbali, nao ulikuwa ukiisha kama sukari ya Ramadhani. Nikatoka siku moja, nikatembea ufukweni, nikatazama ziwa lote lile na mchanga wake.

"Kulwa," nikamwambia, "tunaagiza mchanga kutoka ng'ambo, na sisi tumekaa juu ya mchanga."

"Ukichekechwa vizuri utafaa," akasema.

Nikauleta kwenye ndoo, tukauosha, tukauanika juu ya bati, tukauchekecha kwa kitambaa cha kanga mara mbili. Ulikuwa mweupe, mzuri, unameta. Vyuma viling'aa kuliko zamani. Daktari Faustine, aliyekuwa ameshika kliniki wakati huo na bado anaishika, alinisifu mbele ya wafanyakazi wote. Mlango wa lile sanduku ulikuwa umelegea bawaba, kila pedali ikikanyagwa moshi mwepesi ulitoka pembeni. Kulwa aliufunga kwa mpira wa baiskeli. Tukaona yametosha.

Barakoa nilimpa moja kwa wiki. Siyo kwamba hazikuwepo. Zilikuwepo, nilizihesabu. Aliifua Ijumaa, akaianika kwenye mpini wa kompresa, Jumatatu akaivaa tena imekakamaa kama ngozi ya ngoma.

Hata hivyo chumba kilikuwa na dirisha. Dirisha pana, linatazama upande wa ziwa, na mchana upepo uliingia humo ukatoka na nusu ya vumbi lile. Dirisha lile lilikuwa linafanya kazi kuliko sisi sote, na hakuna aliyelijua jina.

Kilicholiponza ni mdudu.

Mnawajua wadudu wa ziwani. Wanainuka juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, upepo ukiwasukuma nchi kavu hakuna taa wala chai itakayopona. Mwaka huo waliingia kwa wingi wakati Kulwa anajaza unga wa plastiki wa rangi ya waridi kwenye chapa ya ufizi wa mfanyabiashara mmoja wa mchele kutoka Kisesa. Meno yakachemshwa, yakasagwa, yakang'arishwa, yakavaliwa. Baada ya wiki mzee yule akarudi na kanzu yake nyeupe, akayavua meno mbele ya ukumbi mzima, akayaweka kwenye kaunta yangu.

"Binti," akasema kwa ufizi mtupu, "mimi niliagiza meno kumi na manne ya juu. Huyu wa kumi na tano anatafuna nini?"

Nikainama. Ndani ya ufizi wa waridi, juu ya jino la chonge, mdudu wa ziwani alikuwa amelala na mabawa yake yote mawili, amehifadhiwa vizuri kuliko nyaraka za ofisi.

"Mjukuu wangu ndiye aliyemwona. Nilikuwa nacheka. Akasema babu, usimmeze."

Kulwa akatoka maabara akiwa mzee wa nyusi nyeupe, akayatazama, akasema, "Huyo tumemweka bure, mzee." Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mfanyabiashara mwenyewe akacheka mwishowe. Daktari Faustine hakucheka. Alisema dirisha lizibwe.

*

Nilikwenda mwenyewe kwa fundi wa viyoyozi hapo hapo Nyakato. Alikuja, akapima, akakaa kwenye kigoda na penseli sikioni. Akataja kiyoyozi, silikoni ya kuzibia dirisha, na feni ya kutoa hewa juu ya meza ya kusagia.

"Feni ya nini?" nikamwuliza.

"Mama, dirisha mnaziba. Kiyoyozi kinapoza hewa ileile ya ndani, hakiibadilishi. Vumbi litatokea wapi?"

"Litakaa humuhumu. Vumbi letu wenyewe, halidai kodi ya nyumba."

Fundi akacheka, na mimi nikajua nimeshampata. Mtu akicheka kwenye biashara amekwisha kaa chini. Nilikuwa nimeona, wakati naingia kwake, kwamba mkewe anashona mapazia chumba cha pembeni. Ukumbi wetu wa wagonjwa ulikuwa na kitenge kilichopauka.

"Toa feni," nikamwambia, "weka mapazia manne. Ya bluu. Yenye bitana."

"Mama, feni na mapazia wapi na wapi?"

"Kwako vyote vinakaa nyumba moja."

Kulwa alikuwa pale pale, anapanga meno kwenye nta. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama Zulfa utanifungia kama kuku anayeatamia."

"Utaatamia kwenye baridi," nikamjibu. "Nani mwingine Nyakato hii ana kiyoyozi kazini?"

Tukacheka wote watatu. Fundi akaandika. Mapazia yalikuja Alhamisi, mazuri sana, yanaanguka mpaka chini. Wagonjwa waliyashika kwa vidole. Nilijiona nimemshinda mtu akili, na kwa muda mrefu, nikipita ukumbini, niliyapapasa kama mtu anavyopapasa mfuko kuhakikisha pochi ipo.

Feni hiyo ningeipata bila kutoa kitu. Ilikuwa ndani ya bei ya kwanza. Niliitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu nilifundishwa kutokubali bei ya kwanza.

*

Kikohozi cha Kulwa kilianza kidogo, cha asubuhi. Tulikiita kikohozi cha kiyoyozi. Baadaye akawa anasimama katikati ya ngazi za kliniki, ngazi kumi na moja, akijifanya anasoma matangazo. Matangazo yale aliyasoma mwaka mzima. Akakonda. Akaenda zahanati, wakamsikiliza kifua, wakamwanzishia dawa za kifua kikuu. Makohozi yake hayakuonyesha kitu, lakini mtu anayekohoa na kukonda upande wetu huu anajulikana ana nini, haulizwi anafanya kazi gani. Alimeza vidonge miezi sita, hakuruka hata kimoja. Nilimhesabia. Alipomaliza, alikuwa anapumzika kwenye ngazi ya saba badala ya ya nane.

Ulipofika ule mwaka ambao watu waliogopa pumzi za wenzao, hewa ikapata heshima ghafla. Alikuja mtafiti, kijana mpole wa miwani, na kimashine cha kupima hewa, cha ukubwa wa redio ndogo, chenye taa tatu. Alitaka kujua ukungu wa maji unaoruka daktari anapochonga jino unakaa hewani muda gani. Akakiweka kando ya kiti cha wagonjwa. Daktari akichonga, taa ikawa njano. Dirisha la chumba kile likafunguliwa, baada ya muda ikarudi kijani. Akaandika, akashukuru, akaanza kufunga begi.

"Baba, bado chumba kimoja," nikamwambia.

"Maabara haimo kwenye utafiti wangu, mama."

"Sawa, isiwemo. Kiweke tu mezani kama mgeni aliyepita kusalimia. Dakika tano."

"Dakika tatu."

"Nne, na chai."

Tukaingia. Kulwa alikuwa amemaliza kazi, mashine zote zimezimwa, yeye amekaa anakula muhogo wa kuchemsha. Kimashine kikawekwa. Taa ikaruka kijani, ikapita njano haikusimama, ikawa nyekundu. Tukasubiri. Ikabaki nyekundu.

"Kimesikia manukato ya Mama Zulfa," akasema Kulwa. "Ya Idi."

Mtafiti hakutabasamu. Akakitoa koridoni: kijani. Akakirudisha: nyekundu. Nilimwambia arudie. Akarudia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuhesabu mara ya pili huku nikiomba jibu lisifanane.

"Hakuna anayefanya kazi humu sasa hivi," akasema taratibu. "Hii ni hewa tu." Kisha akaliona lile sanduku la kioo. Akachovya kidole kwenye ndoo. "Mchanga huu mnaununua wapi?"

"Haununuliwi," nikasema, na sauti yangu bado ilikuwa na majivuno kidogo, Mungu anisamehe. "Ziwa linatupa."

Akatueleza, akiwa amesimama. Mchanga ukipigwa kwenye chuma unapasuka kuwa vumbi ambalo jicho halilioni. Lile tunaloliona, la kwenye nyusi, lina nafuu: linaanguka, linanawika. Lile lisiloonekana linashuka mpaka mwisho wa mapafu, na pafu halijui kulitema. Linalizungushia kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka nafasi ya kupumulia inakwisha. Na hata mtu akiacha kazi, makovu yanaweza kuendelea.

"Dawa yake?" Kulwa akauliza, muhogo bado mkononi.

Yule kijana akavua miwani akaifuta. Kulwa alikuwa fundi: alijua kazi iliyoharibika kwa jinsi mtu anavyoishika.

Mtafiti alipotoka, Kulwa alinishika mkono wa gauni.

"Usimwambie daktari habari ya kifua changu."

"Kulwa!"

"Nikisemwa ninaumwa mchanga, nitaambiwa nikapumzike. Mama Zulfa, nikapumzike nile nini? Nirudi Kisesa nikamwambie Doto nigawie ng'ombe? Mimi najua meno tu."

Nikamwahidi. Nilinyamaza msimu mzima wa mvua. Nilichofanya ni kuumwaga mchanga wa ziwa nyuma ya kliniki na kuagiza tena ule wa kahawia. Barakoa nikampa kila siku, tena zile ngumu. Nilikuwa namfungia zizi ng'ombe akiwa ameshafika Magu.

*

Feni niliiomba kwa maandishi. Daktari Faustine si mtu mbaya. Nawaambia kwa sababu kuna vijana wanapenda kila hadithi iwe na mchawi.

"Mama Zulfa," alisema, "ukiniletea jambo la wagonjwa nalifanya leo. Maabara haina wagonjwa."

"Inaye mmoja," nilitaka kusema. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nikasema, "Sawa, daktari."

Barua ya kwanza ilikaa kwenye trei ya barua za daktari. Ya pili ikakaa juu ya ya kwanza. Siku moja nikayavua mapazia yote manne, nikayafua, nikayapiga pasi, nikayabeba mpaka kwa yule fundi wa viyoyozi. Mimi, niliyekwisha nunua sokoni Mwanza miaka yote bila kurudisha kitu dukani.

"Nimekuletea mali yako," nikamwambia. "Nipe yangu."

Fundi naye alikuwa amezeeka. Aliyafunua, akauona mshono wa marehemu mkewe, akaupapasa. "Mama," akasema mwishowe, "hata ukinipa na duka la baba yako, ile feni ilikuwa ya siku ile."

Nikayarudisha nikayatundika. Yapo mpaka leo.

Kulwa alipofikia kupumzika kwenye ngazi ya tatu nilivunja ahadi. Niliingia kwa daktari nikamwambia kila kitu: mchanga, dirisha, mapazia, taa nyekundu. Alinisikiliza, akatoka, akasimama mlangoni mwa maabara akimtazama Kulwa anapuliza kipande cha jino. Alisimama sana. Feni ikafungwa juu ya meza ya kusagia wiki iliyofuata.

Siku ya kuiwasha nilichoma ubani kwenye kifuniko cha kopo, nikauweka juu ya meza ya kusagia. Moshi ulipanda, ukasita, kisha ukanyooka kama uzi unaoingia tundu la sindano, ukatoka nje. Kulwa aliutazama kwa jicho la ufundi.

"Inavuta vizuri," akasema. Akapumua. "Ingekuwa... inavuta na kurudi nyuma... miaka..." Hakumaliza. Alikuwa anahitaji hewa kwa kazi nyingine.

Alifanya kazi chini ya feni hiyo siku kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuja. Hospitali kubwa walimpiga picha, wakasoma ile picha kwa lugha yao, wakampa karatasi ya kwenda nyumbani.

Akaja Sabina. Nao wadudu wa ziwani wakaja, maana wao hawana likizo. Feni ikizimwa jioni, tundu linabaki wazi, na asubuhi meza ilikuwa nyeusi kwa wadudu waliokufa. Fundi wa viyoyozi alikuwa amesema tangu mwanzo panatakiwa wavu na kifuniko cha kujifunga. Niliandika barua, ikaenda kwenye trei. Huku nyuma kuna mtu alimkumbuka mzee wa mchele na jino lake la kumi na tano, akachukua boksi la glavu, akaziba. Nililitoa. Likarudi. Nililitoa mara nne, na mara ya nne nililikuta limebandikwa na mkono wa Sabina mwenyewe.

"Mama, wananiharibia kazi," akaniambia. "Halafu vumbi nimeshalizoea." Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Akageuka kwenye taa, akakipuliza kipande chake, fuu, akalamba mdomo wa juu.

Niliondoka pale nikaenda kukaa chooni. Nilikaa sana.

*

Kesho yake baada ya keki yenu nilikwenda kwa Kulwa, mtaa wa Kiseke hapa mjini. Nyumba yake iko juu, kwenye mawe, na njia ni kali. Mbele yangu nilimwona Kulwa anapanda, amebeba dumu la maziwa, miguu inakwenda kama ya kijana. Moyo ulinipasuka kwa furaha kama nukta moja hivi. Kisha akageuka kunisalimia, nikakumbuka kwamba kuna Doto.

Ndani, Kulwa alikuwa ameketi ameinamia mto, viwiko juu ya meza. Halali tena. Akilala anazama.

"Majirani wakinikuta nje wananishika mkono," Doto alisema akimimina maziwa. "Wananiambia, Mungu mkubwa, umepona."

"Waitikie," Kulwa akasema. Akapumua. "Sema ndiyo." Akapumua tena. "Nami nipate... kupona kidogo."

Doto akacheka, akatoka nje na dumu, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyochukua kusuuza dumu.

Nilikuwa na maneno niliyoyabeba kutoka Nyakato. "Kulwa," nikasema, "ile feni ya mwanzo. Mimi ndiye niliyeibadilisha kwa mapazia."

"Najua." Bega likapanda, likashuka. "Nilikuwepo."

Nikangoja.

"Mapazia mazuri," akasema.

Doto aliporudi wakakaa pamoja kwenye benchi, uso mmoja mara mbili, kovu moja mara mbili. Sina namna nyingine ya kukaa na jambo, kwa hiyo nilitazama saa yangu ya mkono nikahesabu. Doto, dakika moja: pumzi kumi na sita. Kulwa, dakika moja: thelathini na nne. Nikasema nimekosea. Nikarudia. Doto, kumi na sita. Kulwa, thelathini na sita.

Sijui mtakaposoma hapa itakuwa imefika ngapi, au kama bado itakuwa inahesabika. Sina la kuwapa moyo. Kama mngetaka hotuba tamu mngenilazimisha niseme siku ile, nikiwa na keki mdomoni.

Sabina, mwanangu, chukua kalamu. Ukurasa wa tatu, mstari wa feni. Pale nilipoandika "nzima" nilidanganya, nilikuwa nawahi kwenda kupigiwa makofi. Futa. Kisha usipande kumwuliza daktari, usiandike barua. Panda kwenye kigoda uling'oe lile boksi, na wadudu waingie, wajae, walale kwenye ufizi wa watu na mabawa yao. Yule mzee wa Kisesa alirudisha meno yake, na Kulwa akamtengenezea mengine kwa siku tatu.